Nilimwita Mzee Quới Tapeli kwa Sababu ya Filta

Kuna wingu la gesi angani ambalo upana wake unazidi miezi ishirini ikipangwa mstari mmoja. Desemba ya mwaka juzi, wingu hilo liliibiwa juu ya paa la baba mkwe wangu.

Sitanii. Usiku wa kwanza halikuwepo. Usiku wa pili halikuwepo. Usiku wa tano nikaanza kutukana peke yangu uani.

Usiku wa tisa nikamtaja mwizi kwa jina, mbele ya watu elfu mbili na mia tatu.

Nisomeni mpaka mwisho kabla hamjanichamba. Mimi mwenyewe nimeshajichamba vya kutosha.

Naitwa Vĩnh. Ni fundi umeme wa wilaya ya Hàm Thuận Nam, safari ya basi kutoka Saigon, kwenye mashamba ya tunda la joka, lile lenye ganda jekundu la magamba. Mwaka ukielekea ukingoni, ukipita huku usiku utakuta vilima vizima vinawaka taa, kwa sababu mti huu hautoi maua kwenye usiku mrefu. Lazima uudanganye kwamba usiku ni mfupi. Kwa hiyo kila safu ya miti ina safu yake ya taa, kuanzia magharibi mpaka majogoo. Kuzifunga hizo taa na kuzitengeneza zikifa ndiyo kazi inayonilisha.

Ugonjwa wangu mwingine ni kupiga picha mbingu.

Sisemi mwezi. Mwezi hata mtoto anaupiga kwa simu. Mimi napiga nebula, yale mawingu ya haidrojeni yanayotoa mwanga wao wenyewe, mwekundu, hafifu kiasi kwamba jicho halioni kitu. Unahitaji darubini ndogo, yangu haizidi urefu wa mkono mpaka kiwiko. Unahitaji kamera, na mashine ya kuizungusha polepole ikifuata nyota. Halafu unahitaji subira ya mtu anayeishi ukweni.

Hiyo ya mwisho ninayo. Naishi ukweni mwaka wa saba sasa.

Na unahitaji filta.

Filta ni kioo cha duara, kidogo tu, kama kifuniko cha chupa ya soda. Kinafungia nje rangi zote za mwanga isipokuwa ule wekundu mmoja wa haidrojeni. Taa za barabarani hazipiti. Mwezi unapita kwa shida. Mtu mwenye filta nzuri anaweza kusimama katikati ya mji akapiga wingu ambalo babu yake hakuliona hata porini.

Yangu nilinunua kwa Mzee Quới.

Huyu mzee alikuwa fundi miwani Saigon kwa miaka arobaini. Kwenye grupu letu la wapiga picha za mbingu, yeye ndiye aliyekuwa mizani. Mtu akitaka kununua lenzi iliyokwishatumika, anampelekea kwanza aipime. Mzee akisema nzima, ni nzima, hakuna mjadala.

Mimi alinifundisha kwa simu miaka mitatu. Swali la kijinga nililomuuliza Jumatatu nililirudia Alhamisi, na hajawahi kuniambia "hilo si nimeshakueleza?"

Septemba akaniuzia filta aliyokuwa anaitumia mwenyewe. Ilikuja na basi, imefungwa ndani ya soksi mbili mpya. Soksi nazo akaniachia.

Oktoba nikaijaribu uani. Shamba la baba mkwe lilikuwa linawaka balbu za njano pande zote nne, mpaka unaweza kuokota sindano. Nikaweka filta, nikapiga dakika tano.

Picha ikafunguka kwenye kompyuta. Wingu lile pale. Jekundu, lina kingo, lina mikunjo.

Nikapiga kelele. Mke wangu Thắm akatoka mbio na ufagio.

"Nyoka yuko wapi?"

"Hakuna nyoka! Njoo uone!"

Akainama, akatazama. Akatazama tena.

"Ni doa."

"Ni wingu la haidrojeni, Thắm! Mwanga wake umesafiri maelfu ya miaka!"

"Umesafiri maelfu ya miaka ukaja kuwa doa," akasema. "Zima hiyo kitu uje ulale."

Hiyo ndiyo filta niliyokuja kuiita feki. Muikumbuke ilivyofanya kazi, maana mimi niliisahau.

Sasa, Mzee Quới alikuwa na jambo lake moja moyoni. Kuzunguka kundi la Jabari, lile la nyota tatu zilizopangana, kuna tao kubwa la gesi. Ni kubwa na ni hafifu, darubini moja hailimalizi. Yeye alikuwa analitafuta kutoka juu ya paa lake Saigon kwa miaka kumi na moja, analipata vipande vipande, kila kipande kimejaa uchafu wa mwanga wa mji.

Akatugawia watu kumi na wawili, kila mmoja kipande kimoja cha anga. Tupige kila mtu kwake, tumtumie, yeye aunganishe. Mimi akanipa kipande cha saba, pale tao lilipo nene kuliko kote.

"Kabla ya Tết niwe nacho," akaniambia kwenye simu, akimaanisha sikukuu yetu ya mwaka mpya. "Nina mtoto wa jicho, yote mawili. La kulia limeshaanza kuweka ukungu. Nataka niliunganishe tao hili wakati bado naona ninachounganisha."

"Si watakupasua, mzee?"

"Watanipasua. Na mimi nimewapasulia watu fremu miaka arobaini, najua mkono wa fundi unaweza kuteleza. Usiniangushe, mwanangu."

"Nikuangushe wewe? Haiwezekani."

Nilisema hivyo. Kwa mdomo huu.

Novemba kazi ikachanganya. Kulikuwa kumeingia taa mpya za mashambani, LED nyekundu. Zinakula umeme kidogo, na mti unazipenda kuliko zile za njano. Nilizisoma, nikazielewa, nikaanza kuwashawishi watu wabadilishe. Wa kwanza alikuwa baba mkwe, Baba Sáu.

Tulipoziwasha mara ya kwanza alisimama mlangoni na kikombe chake cha chai, uso umekunjamana.

"Mkwe, hizi ni taa au ni njiti za ubani?"

"Ni taa, Baba. Kwa jicho la mtu zinaonekana hafifu. Mti unaziona vizuri sana."

"Uliongea na mti?"

"Ni utaalamu, Baba."

"Haya. Mti ukigoma kutoa maua, utayatoa wewe."

Baada ya wiki mbili miti ikaanza kuvimba vifundo vya maua. Baba Sáu hakunisifu, lakini niliona anawaleta majirani kuangalia. Kufikia mwisho wa mwezi nilikuwa nimebadilisha bonde zima. Taa elfu tatu na mia nne, kwa mikono hii. Usiku bonde lilikuwa halitambuliki. Ule mng'ao wa njano uliokuwa unameza nyota ulikwisha, ukabaki wekundu mpole chini kwenye miti.

Nikalipiga picha kwa simu nikaliweka kwenye grupu. Nikaandika kwa mbwembwe: "Kuanzia leo kijiji chetu kina giza. Kipande cha saba kitakuwa kitamu kuliko vyote."

Watu wakamwaga makopakopa. Mzee Quới hakusema kitu siku ile.

Halafu ikaja mvua.

Jamani, mvua ya hapa ikiamua kukukomoa inajua kukukomoa. Kimbunga cha mwisho wa msimu kilipita baharini kikatuachia mawingu siku kumi na tisa. Kila jioni naangalia juu, kila jioni mbingu imefungwa. Wenzangu wa nyanda za juu wanatuma vipande vyao. Cha kwanza, cha nne, cha tisa. Mimi natuma picha ya mwavuli.

Usiku wa ishirini ukafunguka. Nikatoa vyombo vyangu mbio.

Sisimizi walikuwa wameingia kwenye kisanduku cha umeme cha mashine, wametaga mayai juu ya waya. Nikawatoa na brashi ya kupakia rangi, mpaka saa nne usiku. Nikaanza kupiga.

Picha ya kwanza ikafunguka, nyekundu yote.

Si wekundu wa wingu. Ulikuwa wekundu uliotanda kila kona, kama mtu amemwaga supu kwenye kioo. Nyota chache zimeelea juu yake. Tao halipo.

Nikasema labda umande. Nikafuta. Nikapiga tena, supu ileile.

Usiku wa pili nikabadilisha waya. Usiku wa tatu nikafungua kamera, nikasafisha, nikafunga. Usiku wa nne mwezi ulikuwa bado haujatoka, mbingu safi mpaka inaudhi, na picha ni supu. Usiku wa tano jogoo wa Baba Sáu alitua juu ya darubini akaipindua kuelekea ardhini, na naapa ile ndiyo picha iliyokuwa na tofauti pekee kwa wiki nzima.

Nilikuwa silali. Mchana napanda nguzo kwa wateja na macho mekundu, usiku nakaa uani nasubiri kitu kisichokuja. Thắm akipita na maji ya kuoga ananiambia "pole," mimi namjibu kama yeye ndiye aliyefanya. Mtoto wetu akiuliza swali namkaripia. Nilifika mahali hata kwenye ubwabwa naona wekundu.

Nikaweka zile picha kwenye grupu, nikaomba msaada. Kijana mmoja wa Đà Lạt akaniuliza: "Kaka, karibu yako kuna taa gani?"

Nikamjibu kwa dharau: "Ndugu, nina filta. Taa hazinihusu."

Nilikuwa nimewahi kupiga katikati ya balbu za njano zinazounguza macho, filta ikazila zote. Sasa balbu zile nimeziondoa mimi mwenyewe, nimeweka hizi ambazo hata Baba Sáu anaziona kama ubani. Macho yangu yaliniambia bonde limekuwa na giza. Nani asingeamini macho yake?

Kwa hiyo kama si waya, si kamera, si umande, si taa, kimebaki nini?

Nikatoa filta, nikaitazama chini ya taa ya jikoni. Ukingoni niliona kialama, kama ngozi ya kitunguu inayoanza kubanduka. Kidogo sana. Leo nawaambia kilikuwa alama ya kucha yangu mwenyewe. Lakini usiku ule damu ilinichemka.

"Thắm. Nimepigwa."

"Umepigwa na nani?"

"Mzee Quới. Kaniuzia filta mbovu. Alijua inakufa, akanitupia mimi."

Thắm alikuwa anaosha vyombo. Akafunga maji.

"Si uliniamsha Oktoba ukilia kwa furaha na filta hiyohiyo?"

"Ilikuwa inamalizia!"

"Mpigie umuulize."

"Tapeli unamuuliza nini?"

"Vĩnh, yule ni mtu mzima. Mpigie kwanza."

Sikumpigia. Nilikaa na simu yangu nikaandika. Naikumbuka kila herufi.

"JIHADHARINI NA MZEE QUỚI. Filta aliyoniuzia ni feki. Anatumia jina lake kubwa kutuuzia takataka. Ushahidi huu hapa." Nikabandika picha tisa za supu.

Kulipokucha kulikuwa na komenti mia sita arobaini.

Ninyi mnajua grupu zilivyo. Mmoja akasema hata yeye lenzi aliyonunua kwa mzee ilimtia mashaka. Wa pili akasema mzee macho yameshakufa, anapimaje vitu vya watu? Watu ambao jana walikuwa wanamwita mwalimu wakaanza kumwita dalali. Wanne kati ya wale kumi na wawili wakatangaza wanaondoa vipande vyao kwenye kazi yake, hawataki majina yao yachafuke.

Mzee Quới akapiga simu yangu. Sikupokea.

Akapiga tena mchana. Akapiga jioni, wakati tunakula, simu ikawa inatetemeka pembeni ya bakuli la samaki. Thắm akaniangalia, mimi nikaangalia samaki. Kwa siku tatu alipiga mara tisa. Ya tisa ilipokatika nikambloku.

Kwenye grupu aliandika sentensi moja tu. "Aliyenunua kitu kwangu na hana imani nacho, akirudishe, nitakipokea." Halafu kimya.

Nami niliuchukulia ule ukimya kuwa ni kukiri.

Tết ikaja, Tết ikapita. Tao la Jabari halikuunganishwa.

Ilikuwa katikati ya Februari. Nilikuwa nimeamua kumrudishia filta yake kwa basi, na nilitaka kumwandikia karatasi ya matusi ya kuisindikiza. Jioni ile niliweka filta mezani barazani, nikaingia ndani kutafuta kalamu.

Baba Sáu alikuwa amekaa pale anasubiri chai yake ipoe. Mzee huyu hawezi kuona kitu kidogo mezani asikishike. Akaichukua filta, akaipachika jichoni, akaanza kuangalia huku na huku.

"Mkwe!" nikamsikia anaita. "Miwani gani hii ya kipumbavu?"

"Si miwani, Baba, iweke chini."

"Taa ya hapa barazani siioni. Pikipiki hiyo inapita na taa yake siioni. Thắm yuko jikoni, nasikia anakaanga, jiko lote ni giza tupu." Akageuka upande wa shamba. "Hee. Naona taa zako tu."

Nikasimama mlangoni na kalamu mkononi.

"Umesema unaona nini?"

"Taa zako. Zinawaka hizo, balaa! Mpaka kule kilimani. Kumbe hazikuwa njiti za ubani."

Nikamnyang'anya. Sikuomba, nilimnyang'anya. Nikaiweka jichoni.

Baraza lilipotea. Balbu nyeupe ya juu ya kichwa changu ikawa kama haipo. Na mbele yangu, bonde lote likawaka. Safu kwa safu, mteremko kwa mteremko, taa elfu tatu na mia nne, zinanipiga usoni kana kwamba hakuna kioo kabisa.

Nikakaa chini kwenye sakafu.

Wekundu unaouambia mti utoe maua na wekundu wa haidrojeni wa angani ni majirani wa mlango kwa mlango. Filta iliyojengwa kufungia nje taa zote za dunia ilikuwa inazifungulia taa zangu mlango, karibu ndani, kaeni. Jicho la mtu haliupendi wekundu ule, ndiyo maana tuliona giza. Kamera inaupenda sana. Na zile taa hazikuwekwa na jirani wala na serikali. Kila moja niliifunga mimi nikaipigapiga kidole kuhakikisha imekaa.

Filta ilikuwa nzima, na mzee alikuwa mzima. Mwizi wa wingu alikuwa fundi umeme wa Hàm Thuận Nam.

"Mkwe, unaumwa?" Baba Sáu akauliza.

"Baba, tunaweza kuzizima? Usiku mmoja tu?"

Akanitazama kama nimemwambia tuuze nyumba.

"Maua yapo nusu njiani. Ukizima leo, kesho utayaambia samahani?"

Alikuwa na haki. Na hata angezizima, kitu nilichokuwa nimekivunja hakikuwa shambani.

Asubuhi nikapanda basi la Saigon. Thắm alinipakilia boksi la matunda, akanifunga kifungo cha shati, hakusema "nilikwambia." Ingekuwa nafuu angesema.

Nyumba ya Mzee Quới ipo ndani ya uchochoro, chini bado kuna kabati la vioo la fremu za miwani. Mke wake akanifungulia. Aliponitambua, mkono wake ulibaki kwenye kitasa. Halafu akanipisha.

Mzee alikuwa sebuleni na redio. Jicho la kulia limefunikwa bandeji, walikuwa wamelipasua wiki ile.

"Nani?"

"Ni mimi, mzee. Vĩnh."

Akazima redio. Nikasimama katikati ya sebule na boksi langu, nikamweleza yote, kuanzia sisimizi mpaka Baba Sáu. Nikalia. Sioni aibu kuliandika, nililia mpaka mama yule akaniletea kitambaa.

Aliniacha nimalize, kisha akasema, "Taa ngapi?"

"Elfu tatu na mia nne."

"Nilikadiria elfu mbili." Akatikisa kichwa. "Ulipoweka ile picha ya bonde Novemba, nikasema huyu kijana atapata tabu. Nikasubiri uniulize. Ulikuwa unauliza kila kitu."

"Sasa mzee, kwa nini hukuandika kwenye grupu? Sentensi moja tu, ungekuwa umejisafisha!"

"Wateja wako wangapi wamo mle?"

Walikuwemo saba, nimewaingiza mwenyewe ili waone picha zangu.

"Ningeandika nini? Kwamba fundi wenu hajui taa anazowafungia zinatoa mwanga gani? Baba mkwe wako asikie kutoka kwa watu? Nikakupigia simu ili nikwambie wewe, pembeni, ukaliweke sawa mwenyewe. Nimekupigia mara tisa, Vĩnh."

"Nisamehe, mzee."

"Filta utanunua nyingine mahali popote. Baba mkwe hauzwi dukani."

Nikapiga magoti. "Nisamehe."

Nilidhani atanishika bega, kama wazee wanavyofanya. Hakunishika.

"Umeniomba msamaha wapi hapa?" akauliza.

"Hapa... sebuleni kwako."

"Na ulinitukania wapi?"

Alinielekeza mlango kwa adabu, mke wake akanifungia ndizi za kula njiani, nikaondoka.

Kwenye basi la kurudi niliandika kwenye grupu. "Filta ya Mzee Quới ni nzima. Aliyekosea ni mimi. Taa nyekundu nilizofunga mwenyewe ndizo zilizoharibu picha zangu. Mzee alijua, akanipigia mara tisa kunisaidia, nikakataa kupokea. Nimemdhalilisha mtu asiye na hatia. Naombeni mmrudishie heshima yake." Nikaweka jina langu kamili. Wateja wangu wawili wakahama fundi wiki ileile, na Baba Sáu aliisoma kwa sauti mezani, mstari kwa mstari. Alipomaliza akaniwekea kipande cha samaki kwenye bakuli, jambo ambalo alikuwa hajawahi kunifanyia.

Mke wa mzee akanitumia ujumbe: "Nimemsomea. Amesema sawa."

Ile tuhuma yangu ilipata komenti mia sita arobaini. Msamaha wangu ulipata hamsini na mbili, nyingi ni za vikaragosi.

Wale wanne waliojitoa niliwafuata mmoja mmoja. Walikubali kurudisha vipande, lakini Jabari alikuwa ameshaanza kuzama na jua, kisha masika yakafunga mbingu. Msimu uliofuata nilisafiri mpaka kwenye mashamba ya chumvi ya Cà Ná, hakuna mti wa tunda la joka hata mmoja, nikapiga kipande cha saba usiku nne. Kilitoka safi. Nikamtumia. Akajibu kupitia kwa mke wake kwamba ni kipande kizuri, nikitunze. Hajaunganisha. Kwenye grupu hajarudi, na hakuna anayempelekea tena kitu akipime.

Nilifikiri hapo ndipo simulizi hii inapoishia.

Wiki iliyopita binti mmoja mgeni kaingia kwenye grupu. Ana darubini yake ya kwanza, anauliza wapi atapata filta nzuri iliyotumika, kwa bei ya mwanafunzi.

Akajibiwa na jamaa ambaye alijiunga mwaka huu. Simjui, hanijui. Aliandika: "Nunua kwa yeyote, ila kuna mzee mmoja wa Saigon anaitwa Quới, huyo muepuke. Ni tapeli, kila mtu anajua."

Nikamjibu. Nikaeleza yote upya, tangu mwanzo. Nilihesabu, ilikuwa mara ya kumi na nne kueleza.

Jamaa akasoma, akaniuliza: "Kwani kaka, wewe unamfahamu?"

Maji yakimwagika hayazoleki, wahenga walishasema, na mimi nimechuchumaa na kitambaa mwaka wa pili sasa.

Kwa hiyo wewe unayesoma hapa, na kidole chako kiko juu ya jina la mtu, na una ushahidi wako wa picha tisa, na una hasira ya haki kabisa. Simu yake ikiita, pokea.